Lishe ya keto kwa mwanamichezo kijana: kwa nini naipinga

Lishe Kwanza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Uzi huu nauandika kwa ajili ya wazazi, makocha na zaidi ya wote vijana wa miaka 13 hadi 19 wanaokimbia au kucheza mpira, netiboli na kikapu, ambao wameanza kula keto baada ya kuona watu wazima wakipungua kwa njia hiyo. Mimi ni afisa lishe, na wanamichezo wa shule hufika kwangu mara kwa mara, hasa miezi ya kuelekea UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania. Hoja yangu ni moja: kile kinachowavutia watu wazima kwenye keto, yaani kukaa muda mrefu bila kusikia njaa, ndicho kinachoifanya iwe hatari kwa kijana ambaye anakua na kufanya mazoezi mazito kwa wakati mmoja.

Kwa wasioifahamu vizuri, keto si kupunguza ugali tu. Ni ulaji ambao wanga hauzidi gramu 50 kwa siku, na wengine hushuka hadi gramu 20, protini huwa ya wastani, na mafuta hubeba asilimia 70 hadi 80 ya nishati yote. Ndizi mbivu mbili za wastani zinatosha kuzimaliza gramu hizo 50, na ugali uliosongwa kwa gramu 100 za unga, ambao haumshibishi kijana aliyetoka uwanjani, una wanga unaozidi gramu 70. Kwa hiyo ugali hutoka, wali hutoka, uji hutoka, viazi vitamu hutoka, maembe hutoka, maharage nayo hutoka, na maziwa hunywewa kwa kupimwa. Ini likikosa wanga huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo pamoja na misuli huanza kuzitumia ketoni hizo kama nishati.

Ulaji huu ulianza kama tiba. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic nchini Marekani aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, kwa kuwa ilikuwa inajulikana tangu zamani kwamba degedege hupungua mgonjwa anapofunga kula, na yeye alitafuta namna ya kupata faida ya kufunga bila kumnyima mgonjwa chakula. Naomba jambo hili likae akilini tunapoendelea kusoma: mwili ulio kwenye keto hujiendesha kwa namna nyingi kama mwili uliofunga, na hicho ndicho kijana wa riadha anachoutaka mwili wake ufanye huku akiudai urefu, mifupa, damu na kasi.

Sasa tuangalie mahitaji. Mvulana wa miaka 16 anayefanya mazoezi kila siku anahitaji kilokalori 2,800 hadi 3,200 hivi kwa siku, na msichana wa umri huo karibu 2,400, na kambi ya mazoezi mazito huongeza juu ya hapo. Tuchukue 2,800. Robo tatu yake ni 2,100, na kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, kijana huyo atahitaji gramu 233 za mafuta kwa siku, ambazo ni sawa na vijiko vikubwa 16 au 17 vya mafuta ya kula. Hakuna kijana ninayemfahamu anayefikia kiasi hicho, na sidhani kama ningefurahi kumwona anayekifikia.

Kinachotokea hasa ni hiki. Msichana mmoja mkimbiaji wa mita 1,500 alinifungulia kopo lake la chakula, nikakuta mayai mawili ya kuchemsha, nusu ya parachichi, vipande vya tango na paja la kuku la kukaanga. Tulikokotoa pamoja kwa kalamu na karatasi: mayai yana mafuta ya gramu 10, parachichi gramu 15, kuku tulimkadiria gramu 15, na tulipoongeza protini kopo zima halikufika kilokalori 600. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake tangu asubuhi hadi baada ya mazoezi ya jioni. Nilipomuuliza kama anasikia njaa alijibu kwamba hasikii, na alisema kweli, kwa sababu ketoni hupunguza hamu ya kula. Kwa mtu mzima mwenye kilo nyingi za ziada hali hiyo ni msaada. Kwa binti huyo ilikuwa sawa na gari ambalo mshale wa mafuta umekwama kwenye alama ya tangi kujaa.

Mwili unaopungukiwa hivyo haulalamiki mara moja, bali huanza kubana matumizi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo mwaka 2014, na tamko hilo limehuishwa mwaka 2018 na 2023. Wataalamu hutazama nishati inayobaki baada ya kutoa ile iliyotumika mazoezini, na hatari huongezeka sana inaposhuka chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili usiohesabiwa mafuta. Msichana wa kilo 50 ambaye kilo 40 kati ya hizo si mafuta anahitaji abakiwe na angalau 1,200, na hicho ni kiwango cha chini kabisa, si lengo. Akila 1,600 na mazoezi yakachukua 500, amebaki na 1,100. Hapo hedhi huanza kuchelewa au kukatika, mafua hayaponi, usingizi huharibika, kasi hudumaa ingawa mazoezi yanaendelea, na mifupa huacha kujengwa kama inavyopaswa.

Kuhusu mifupa nawaomba wazazi wanisikilize kwa makini. Msichana hufikisha takriban asilimia 90 ya uzito wa mifupa atakaowahi kuwa nao akiwa na miaka 18 hivi, na mvulana akiwa na miaka 20 hivi, kwa hiyo kile kisichojengwa katika miaka hiyo ni vigumu sana kukifidia baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watembeaji wa mashindano wa kiwango cha juu ulionyesha kwamba majuma matatu na nusu ya keto yaliongeza viashiria vya mfupa kubomolewa na kupunguza viashiria vya mfupa kujengwa. Hao walikuwa watu wazima waliomaliza kukua, waliopewa chakula cha kutosha na kusimamiwa na wataalamu kila siku. Kijana wa kidato cha pili anayejipangia mlo kwa kutazama video hana hata kimoja kati ya hivyo.

Karibuni tujadili.

Mita400:

Shikamoo afisa. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, nakimbia mita 400 na wakati mwingine 800. Niko kwenye keto muhula huu, nimepungua kilo tatu na najisikia mwepesi. Nilisoma kwamba LeBron James, nyota wa kikapu wa Marekani, aliacha wanga kabisa, na kwamba kuna utafiti wa waendesha baiskeli uliothibitisha kwamba mtu akizoea mafuta hapungukiwi nguvu. Je, haiwezekani kwamba mwili wangu unahitaji muda zaidi wa kuzoea?

Lishe Kwanza:

Marahaba, mwanangu, na nashukuru umeuliza waziwazi.

LeBron James alifanya hivyo mwaka 2014 kwa siku 67, akiwa na miaka 29, msimu wa mashindano ukiwa umesimama, akila nyama, samaki, mboga na matunda. Hakuwa anakua tena, hakuwa na mechi, na aliporudi msimu ulipoanza hakuendelea hivyo. Utafiti wa baiskeli unaousema ni wa Stephen Phinney, mwaka 1983. Walikuwa wanaume watano, watu wazima, waliokaa kwenye keto majuma manne na kisha wakapimwa kwa mwendo wa wastani hadi wachoke, na kweli wastani wa muda wao haukushuka, ingawa walitofautiana sana mmoja kwa mwingine. Soma tena maneno "mwendo wa wastani". Mita 400 hazikimbiwi kwa mwendo wa wastani.

Mafuta huchomwa penye oksijeni tu. Ukiacha akiba ndogo ya misuli inayokwisha ndani ya sekunde chache za mwanzo, nishati pekee inayoweza kutolewa haraka kabla oksijeni haijatosha ni ile ya wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, tunaouita glaikojeni. Mbio zako zinategemea akiba hiyo kwa sehemu kubwa, na ndiyo unayoimaliza. Jambo la pili ni kwamba hata pale oksijeni inapotosha, lita moja yake ikitumika kuchoma mafuta hutoa nishati pungufu kwa asilimia 7 hivi kuliko ikitumika kuchoma wanga, kwa hiyo mkimbiaji wa keto hulazimika kuvuta hewa zaidi kwa kasi ileile. Louise Burke na wenzake wa Australia walilionyesha hilo mwaka 2017 kwa watembeaji wa kiwango cha Olimpiki: makundi mawili yaliyokula wanga wa kutosha yaliboresha muda wao wa kilomita 10 baada ya majuma matatu ya mazoezi mazito, na kundi la keto halikuboresha, ingawa mazoezi yalikuwa yaleyale na miili yao ilikuwa imejifunza kuchoma mafuta kwa wingi wa kushangaza. Walizoea, tena vizuri sana, na bado hawakusonga mbele. Hilo ndilo jibu la swali lako la muda wa kuzoea.

Ama kilo tatu, akiba ya glaikojeni ya mwili mzima inaweza kufika gramu 500, na kila gramu hukaa na maji ya gramu tatu hivi. Ukiimaliza, mizani hushuka karibu kilo mbili kabla hujapoteza mafuta yoyote ya maana. Kichwa kuuma na miguu kuwa mizito siku za mwanzo hutokana pia na figo kutoa chumvi na maji mengi insulini inaposhuka, na kwenye jua la saa nane hilo si jambo dogo.

Nina swali kwako, nawe ulijibu kwa kocha wako au kwa mzazi kama hutaki kulijibu hapa: unapokimbia vipande vya mita 300, kipande cha mwisho kinalinganaje na cha kwanza, na muhula uliopita kililinganaje?

Kocha wa Nyikani:

Naunga mkono, na naongezea kutoka uwanjani. Kijana asiyekula wanga humtambui kwenye kukimbia kwa taratibu asubuhi, kwani hapo anaweza kuwa mbele ya wenzake na kocha akamsifu. Unamtambua kwenye marudio ya tatu na ya nne ya mazoezi ya kasi, pale mabega yanapopanda, hatua inapofupika, na akisimama anashika magoti muda mrefu kuliko wengine. Makocha wengi humwita mvivu, na hilo linaniuma sana, kwa sababu mara nyingi ndiye anayejituma kuliko wote.

Watu husema riadha ya masafa marefu ni mchezo wa mafuta. Tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kwa saa 2:09:48, na aliyemfuata, Amanal Petros wa Ujerumani, alitofautiana naye kwa sekunde 0.03. Kilomita 42 ziliamuliwa na mbio fupi ya mwisho, na mbio ya namna hiyo haiendeshwi na mafuta. Vilevile Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia umbali huohuo chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019, waliomfuata kwa baiskeli walikuwa wakimpelekea vinywaji vya wanga njia nzima.

Na majirani zetu wa Kenya wamepimwa. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa wavulana wakimbiaji wa Kikalenjini, vijana wa rika la wanafunzi wetu. Asilimia 71 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga na 15 tu kwenye mafuta, na chakula kikuu kilikuwa mahindi na maharage. Chakula ambacho vijana wetu wanafundishwa kukionea aibu ndicho hichohicho kinacholiwa na vijana wanaowashinda.

Mama Wawili:

Nawasalimu kutoka Uingereza. Nimesoma kwa makini kwa sababu mwanangu wa kiume, mwenye miaka 13, yuko kwenye keto kwa ajili ya kifafa baada ya dawa kushindwa, na ni mchezaji wa mpira wa shule. Nisingependa mtu asome uzi huu akadhani wazazi kama sisi tunawadhuru watoto wetu, kwani kwetu idadi ya degedege imepungua sana, na siwezi kueleza ukubwa wa jambo hilo kwa familia.

Lakini naomba vijana wajue jinsi inavyofanyika. Kila mlo hupimwa kwa mizani ya jikoni hadi gramu moja moja, na alipoanza, mafuta yalikuwa mara nne ya wanga na protini vikijumlishwa. Anapimwa damu na mkojo kwa ratiba, anapewa vidonge vya vitamini na madini ikiwemo kalisi, urefu wake huandikwa kila tunapokwenda kliniki, na tulielezwa mapema kuhusu mawe kwenye figo, choo kigumu, mafuta kupanda kwenye damu na ukuaji kupungua kasi. Tumekubali gharama hizo kwa sababu ugonjwa ni mkubwa kuliko gharama. Mtoto mwenye afya anayetaka tu kuwa mwepesi anazilipia nini?

Lishe Kwanza:

Mama, asante sana. Umelieleza kuliko nilivyoweza, na naomba kila anayesoma uzi huu aurudie ujumbe wako. Kwa mtoto wako, daktari na mtaalamu wake wa lishe ndio wenye neno, na hakuna lolote nililoandika hapa linalopaswa kubadili mlo wake.

Nitaje pia kundi lingine ambalo halipaswi kujaribu jambo hili hata kwa siku chache bila daktari: vijana wenye kisukari kinachotegemea insulini. Kwao ketoni zinaweza kupanda hadi damu ikawa na tindikali, na hiyo ni dharura ya kuua.

Baba Kelvin:

Afisa, mwanangu ana miaka 15, ni golikipa, na kusema kweli ana uzito mkubwa. Kocha wake ndiye aliyempa wazo la keto. Kama siyo keto, nifanye nini? Sitaki asikie kwamba hakuna njia.

Lishe Kwanza:

Ndugu yangu, njia ipo, tena haina kupima ketoni. Kwanza mpeleke kituo cha afya apimwe urefu na uzito kwa pamoja, kwa sababu mvulana wa miaka 15 anaweza kurefuka sana ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi lengo kwa umri huo ni kuuzuia uzito usipande wakati urefu unaendelea, wala si kuushusha haraka. Pili, angalia vinywaji kabla ya sahani. Soda, juisi za kuongeza sukari, chai yenye vijiko vinne vya sukari, halafu maandazi na chipsi za jioni, hivyo ndivyo vinavyobeba ziada kwa vijana wengi ninaowaona, na kuviondoa hakumnyimi chochote anachohitaji langoni. Ugali wake ubaki, uwe wa dona ukiweza, mboga za majani zichukue nusu ya sahani, na samaki, maharage au nyama visikosekane.

Na zungumza na kocha kwa heshima, lakini zungumza naye. Neno la kocha kuhusu mwili wa kijana hukaa moyoni miaka mingi, na nimeona mabinti walioacha kula kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa mbele ya wenzao. Msichana ambaye hedhi imekatika kwa miezi mitatu, au ambaye ametimiza miaka 15 bila kuianza, aende hospitali. Maneno kwamba hiyo ni dalili ya mazoezi kukolea si kweli, na yanaumiza watoto wetu. Maumivu ya ugoko yanayobaki hata mtu akiwa amepumzika nayo yachunguzwe, yasikandwe tu na kufungwa bandeji.

Mita400:

Afisa, nimejibu swali lako kwa kocha wangu kama ulivyoniagiza, na ameniambia kipande cha mwisho sasa nakikimbia kwa muda mrefu zaidi kuliko muhula uliopita. Naomba kuuliza la mwisho. Nikirudi kula wanga, je, sitanenepa ghafla? Na nianzeje, maana tunafanya mazoezi saa kumi jioni na nyumbani chakula ni cha kawaida?

Lishe Kwanza:

Mwanangu, umefanya vizuri kumwambia kocha.

Wiki ya kwanza mizani itapanda kilo moja au mbili, na hayo ni maji yanayorudi pamoja na glaikojeni ndani ya misuli. Usiogope na usirudi nyuma kwa sababu hiyo. Ningekushauri usipime uzito kabisa kwa wiki tatu hivi, upime vipande vyako vya mita 300 badala yake.

Kwa mazoezi ya saa moja hivi kila siku, mwanamichezo huhitaji wanga wa gramu 5 hadi 7 kwa kila kilo ya mwili, na yakifika saa mbili au tatu huhitaji gramu 6 hadi 10. Ukiwa na kilo 55, hesabu ianzie gramu 275 hadi 385, na chakula cha kawaida cha nyumbani kinazifikisha bila kununua unga wowote wa kuongeza nguvu. Asubuhi kunywa uji mzito na yai, au viazi vitamu na maziwa. Mchana kula ugali au wali na maharage, mchicha na kipande cha chungwa, kwa kuwa vitamini C ya chungwa husaidia madini ya chuma ya maharage na mboga kufyonzwa. Saa tisa, kabla hujaingia uwanjani, kula ndizi mbivu mbili na maji. Ukimaliza mazoezi usingoje saa tatu usiku: maziwa au karanga na kiazi vikutane nawe mapema, kisha chakula cha jioni kifuate, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni kalisi nzuri kwa bei ambayo nyumba nyingi zinaimudu. Mafuta usiyakimbie, parachichi na karanga ulizozizoea kwenye keto ziendelee kuwepo, ila zikae pembeni ya ugali badala ya kuchukua nafasi yake. Chai iache hadi saa moja baada ya kula, kwa sababu hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma.